Upande wa Pili wa Kaseti

Ujinga wangu niutaje mapema: mama aliniita nirudi Unguja, nami nikamjibu kwa hadithi.

Hadithi yenyewe ni ya mtawala wa Bretagne, pembe ya Ufaransa, zamani za panga na ngao. Nilimkuta kitabuni katika maktaba moja ya Wembley, huku Uingereza ninakoishi, nilikoingia kukimbia mvua. Maharamia wa kaskazini walipoivamia nchi yao, alikimbiziwa Uingereza akingali mdogo, kama mimi nilivyokimbizwa baada ya Mapinduzi, mama akabaki. Yeye alilelewa na mfalme; mimi nililelewa na hita ya chumbani. Alipokua akarudi na merikebu chache, akawatoa wavamizi. Kufika mjini kwake akakuta miba imeziba njia ya kanisa, akaikata kwa upanga wake mwenyewe mpaka mlangoni. Akatawala, akajenga ukuta, akafia kwao.

Nilimpenda mno bwana yule. Arusi, hitma, popote penye biriani, nilimsimulia.

Siku hizo tulipelekeana kaseti badala ya barua. Njia za kurudi zilipofunguka, mama akarekodi kwamba kaburi la baba limeota majani. Niende Shaabani tulisafishe pamoja, macho yake yangali yanaona. Nikageuza kaseti nijibu. Badala ya kumwambia naja lini, nikamhadithia bwana wa Bretagne nusu saa nzima, na vita nikaviiga kwa kijiko na sufuria. Mwishoni nikatia inshallah, mwakani.

Jawabu lake lilikuwa fupi: "Nimekusikia, mwanangu. Huyo aliporudi, mamake alimkuta?"

Nilirudi kitabuni kutazama. Hawakuandika.

Mwakani nikasingizia mafua. Mwaka uliofuata nikasingizia zulia jipya, eti nani atalitazama. Kweli yenyewe ni kwamba niliogopa kufika kwetu nikaulizwa mimi ni nani. Kiti changu cha Wembley hakikuniuliza kitu.

Shaabani ya tatu ikaja simu ya dada: mama tumeshamzika, pembeni ya baba.

Hitma tuliisoma kwangu. Jirani yangu wa chini, mama wa Kipemba, ndiye aliyepika. Watu wakala, nami nikaanza tena: palikuwa na bwana mmoja, kakimbizwa kwao mdogo... Jirani alikuwa anakusanya sahani. Hakuinua hata uso.

"Mwenzio kaifikia miba. Wewe hata uwanja wa ndege wa Heathrow hujafika."