Namba Tisa Amejitoa

Nimewahi kumwona msomi mwenye shahada tatu akitetemeka mpaka kikombe cha chai kikawa kinamgonga meno.

Aliyemtetemesha ni binti aliyeishia shule ya msingi. Binti huyo ni mimi, na chai hiyo niliipika mwenyewe.

Tulieni. Sikutia kitu ndani ya chai. Nilichomfanyia ni kibaya zaidi.

Dada yangu ni fundi wa mapazia. Mume wake alikuwa anampiga kwa ratiba, kama mtu anayekwenda kazini. Siku moja akaja mwalimu wa chuo, wa idara ya ustawi wa jamii, anatafiti maisha ya wanawake wanaopigwa. Wanafunzi wake walimwita Mama Huruma. Sauti laini, kichwa amekiinamisha upande, mkono juu ya goti lako.

"Dadangu, haya yanabaki kati yangu na wewe. Jina lako halitaonekana popote. Utakuwa Namba Tisa."

Dada akasaini fomu ya ridhaa, akapewa nakala yake, akamwaga yote. Hata habari za mkoba: vyeti vya kuzaliwa vya mapacha wake na nguo mbili tatu, vimefichwa kwa jirani muuza mkaa, akisubiri siku ya kuondoka.

Mwezi haukuisha.

Mama Huruma aliingia darasani akawasimulia wanafunzi. Jina hakulitaja, kweli. Alitaja fundi mapazia, mama wa mapacha, kidole gumba kisicho na kucha, na mkoba kwa muuza mkaa.

Na kwenye viti vile alikaa wifi yake dada.

Jioni hiyo shemeji alirudi na mkoba mkononi.

"Kumbe siku hizi unafundishwa chuoni," alisema. Kisha akafunga mlango.

Sikio la kushoto la dada halisikii mpaka leo. Mapacha walipelekwa kwa mama mkwe, na dada akaambiwa akikanyaga huko atavunjwa miguu.

Dada alilia. Mimi sikulia. Niliikunja ile nakala ya fomu, nikaiweka chini ya godoro, nikaenda kuomba kazi ya usafi palepale chuoni.

Miaka miwili nimefuta meza ya Mama Huruma. Uso wangu hakuwahi kuutazama.

"Binti wa chai, sukari umezidisha."

"Samahani, mwalimu."

"Kwani wewe umesoma mpaka wapi?"

"Shule ya msingi tu, mwalimu."

"Aa, basi." Akawakonyeza wenzake, wakacheka.

Nikachukua kitambaa, nikaendelea kufuta meza.

Kila Jumanne saa nne alifundisha maadili ya utafiti, chumba namba tatu. Na mimi saa nne hiyohiyo nilikuwa nafuta madirisha ya chumba namba tatu. Dirisha moja naweza kulifuta saa nzima nikiamua.

Nikasikia mengi. Kwamba mtafiti hatakiwi kumwanika mshiriki. Kwamba mshiriki anaweza kujitoa siku yoyote, na maneno yake yakaondolewa. Kwamba mwenye malalamiko aende kamati ya maadili. Nikifika nyumbani naitoa fomu, naisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Yote yamo.

Ningeweza kwenda kesho yake. Sikwenda. Akiwa chini angeanguka kidogo tu. Nilitaka apande kwanza.

Jumanne moja akawasha picha ukutani. "Namba Tisa." Kumbe kila mwaka anamrudia yeye tu. Alipofika kwenye kidole, mwanafunzi mmoja akatania, "Sasa huyo uzi anaushikaje?" Darasa likacheka.

Mama Huruma naye akacheka.

Kitambaa kilinidondoka. Nilikiokota. Kipindi kilipokwisha nikaokota na karatasi za somo zilizoachwa mezani, zenye habari za Namba Tisa, jina la mwalimu na tarehe.

Mwaka uleule akaomba uprofesa. Kitabu kilichombeba kilikuwa maisha ya dada, toka sura ya kwanza mpaka ya mwisho. Tarehe ya kikao niliijua kabla ya wengi, maana mimi ndiye niliyeambiwa niandae vikombe.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, dada akapeleka malalamiko kwenye kamati ya maadili.

Karani akamtazama. "Malalamiko? Mama, toka niajiriwe hakuna aliyewahi kuleta. Ngoja nitafute faili."

Faili halikuwepo. Ilibidi afungue jipya. Kamati ikaamua yasikilizwe kwenye kikao kilekile cha uprofesa, na dada akaitwa.

Siku ikafika. Mwenyekiti, wajumbe wanne, Mama Huruma, na dada kwenye kiti cha mwisho. Mimi na birika langu.

"Daktari, mama huyu unamfahamu?" Mwenyekiti akamuuliza Mama Huruma.

"Simfahamu." Hata hakupepesa. "Namba Tisa si mtu mmoja. Nilichanganya maisha ya wanawake kadhaa ili kuwalinda."

Mwenyekiti akafungua kitabu. "Hapa mwanzoni umeandika kwamba kila mshiriki ni mtu mmoja na maneno ni yake. Kwa hiyo uliyabuni?"

Hapo nikajua amekwisha. Akisema Namba Tisa ni mtu, basi amemwanika. Akisema si mtu, kitabu ni uongo.

Dada akaweka fomu mezani, ina saini yake na ya Mama Huruma. Akaweka karatasi za somo. Juu yake akaweka mkono, kidole gumba kimenyooka.

Mama Huruma akakitazama kile kidole.

"Ni yeye," akasema kwa sauti ndogo. "Uso nilikuwa nimeusahau."

"Mama, unaomba nini?" Mwenyekiti akamuuliza dada.

"Najitoa."

"Kwa sababu gani?"

"Fomu inasema sidaiwi sababu."

Nikasogea, nikammiminia Mama Huruma chai. Dada akaniambia mbele ya wote, "Mdogo wangu, ukimaliza twende nyumbani."

Ndipo Mama Huruma akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza. Na ndipo kikombe kikaanza kugonga meno.

Uprofesa ulifia hapo. Kitabu kikaondolewa, na mwezi uliofuata kazi ikamtoka. Siku anahamisha maboksi yake alinikuta koridoni na ufagio.

"Nani aliwafundisha haya?"

"Wewe, mwalimu. Jumanne, saa nne, chumba namba tatu. Unafundisha vizuri sana."

Watu wananiambia nisamehe. Wengi wao masikio yao yote mawili yanasikia.

Funzo ni hili: ukimwahidi mtu kwamba siri yake itakufa na wewe, ife kweli. Na anayekufutia meza, mtazame usoni japo mara moja.

Mapacha bado hawajarudi. Shauri liko mahakamani.

Ila shemeji naye asijisahau. Nimepita juzi pale anapofanya kazi. Wanatafuta mtu wa usafi.