Malakaiti ya Mzee Mughenyi

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya madini, Singida Mjini, mkuu wa maabara alinikabidhi koti jeupe lenye matundu.

"Hayo ni ya tindikali," alisema. "Binti, hapa hatukisii. Tunapima, ndipo tunasema."

Nilikuwa fundi sanifu. Kazi yangu ilikuwa kusaga mbale, yaani mwamba wenye madini, na kutafuta kilichomo. Nilihamishiwa Dodoma, kisha Geita, nikarudishwa Singida nikiwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu.

Mwaka huo Mzee Mughenyi, mkulima wa Issuna, alileta jiwe alilolifukua akichimba choo. Nililitambua mara moja: malakaiti, mbale ya shaba, kijani kibichi, yenye vinundu vinavyong'aa kama zabibu zilizolowa. Nikamweleza kwamba kiwandani lingetoa shaba kidogo tu, ila wako watu wanaokusanya mawe kwa uzuri wake, nao hulitaka zima, lisilokwaruzwa.

"Nisilipake hata mafuta ya alizeti?"

"Hata maji, baba, usilitie."

Baada ya wiki mbili alirudi akiongozana na askari na mnunuzi wa mawe aliyemshtaki.

"Hii ni saruji iliyopakwa rangi," alisema mnunuzi. "Mzee huyu tapeli, na mama huyu ndiye aliyemthibitishia."

Afisa Madini, bosi wangu, alinigeukia. "Ulipima?"

"Hapana, mkuu. Niliangalia kwa macho."

Aibu ilinishika. Mzee wa watu angelala mahabusu kwa uvivu wangu.

Nilichukua punje iliyomeguka upande wa chini wa jiwe, nikaidondoshea tindikali. Ikatoa povu, ikayeyuka, maji yakawa kijani.

"Hata rangi huyeyuka," mnunuzi alisema.

Nikatumbukiza msumari wa chuma. Tukasubiri. Nilipoutoa, ulikuwa umevaa shaba iliyotoka kwenye jiwe, mwekundu kama sufuria mpya ya shaba.

Askari ndiye aliyecheka kwanza. "Mzee, shikamoo. Nenda nyumbani."

Mzee Mughenyi alikaa sakafuni. "Mke wangu nimemuaga analia," alisema. Mnunuzi aliomba radhi, akataka jiwe. Mzee akalifunga kwenye kanga, akaondoka nalo.

Sasa nimestaafu, nalima Ikungi. Vijana huniuliza ni madini gani makubwa niliyowahi kugundua. Sikugundua lolote. Lakini nikikutana na Mzee Mughenyi mnadani, ananishika mkono kwa mikono yake miwili, nami namtazama usoni bila kuinamisha macho.