Mamba wa Mvua za Kwanza

"Mama yako atakuja kukuchukua lini?"

Jirani yetu aliniuliza hivyo kila tulipokutana kisimani. Mama alikuwa Geita akiwapikia wachimbaji. Mimi nililelewa na bibi, mama yake, kandokando ya mbuga ileile ambayo leo ina geti na kibao cha hifadhi.

Nimerudi huko Novemba hii, rafiki yangu, mvua zikiwa ndiyo kwanza zimeanza. Kijana wa getini aliniazima darubini nitazame yangeyange. Nikaona mgongo wa mamba juu ya mchanga, nikaishusha. Husemwa kwamba mtu akirudi alikokulia, mambo matamu ndiyo hutangulia kumjia. Nani alihakikisha? Mimi ilinitangulia harufu ya damu na tope jeusi.

Siku hizo mbuga haikuwa na geti. Kiangazi chote ardhi ilipasuka kama kisigino, nasi tulikula michembe ya viazi vikavu na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, hadi taya zikachoka. Kisha mvua ikashuka, maji yakatanda kwenye majani, na kambare wakapanda kutoka mtoni wakijivuta kwa matumbo mahali pasipofika hata goti. Vyura walipiga kelele mpaka usimsikie anayekuita. Korongo walisimama kila upande wakimeza. Kwazi alishuka, akaondoka na samaki anayetapatapa. Nasi tulikuwa katikati yao, wabaya kuliko wote.

Kijiji kizima kiliingia na mapanga, marungu na michi ya kutwangia. Ng'ombe walitangulizwa wavuruge tope, ili kambare watoe vichwa kutafuta hewa. Vikitoka, tunapiga. Bibi, ambaye kanisani alishika rozari kama anashika yai, alipasua vichwa kwa mchi huku akiimba. Mimi nilibeba beseni, na kambare waliokuwa bado hai walinichapa mikia kifuani. Katekista alitufundisha kwamba wanyama hawana roho. Nilimuuliza nani aliwapima. Nilichapwa viboko.

Mwaka ninaoukumbuka, Mama alikuja siku hiyohiyo ya kambare. Alishuka kwenye bodaboda, akavua viatu, akaja moja kwa moja majini.

"Shikamoo, mayo," alimwamkia bibi. Mayo ndiyo mama, kwa Kisukuma chetu.

"Marahaba. Umenusa samaki ukiwa Geita?"

"Nimekuja kumchukua mwanangu. Nimepata chumba."

Bibi alimtazama, akamkabidhi mchi wake. "Piga kwanza. Tutaongea tukishashiba."

Nilichukulia kwamba amekubali. Nikaanza kuiaga mbuga kimoyomoyo, hata yule jirani na swali lake.

Ndipo mwano ukapigwa, ule ukelele wetu wa kuita kila mwenye miguu. Mamba ameonekana nchi kavu, kwenye ukingo wa mchanga! Wanaume walikimbia na mikuki. Mama alinishika kifundo cha mkono, tukakimbilia huko pamoja na wengine, kwani nani anabaki nyuma mwano ukilia?

Mamba alikuwa mkubwa. Kati yake na maji tulisimama sisi na ng'ombe wetu. Mkuki wa kwanza ulimwingia nyuma ya mguu wa mbele. Akajipinda, mkia ukampiga mchungaji mmoja, na nilisikia mfupa wa mguu wake ukivunjika kama kuni kavu. Maksai walitawanyika, mmoja akamkanyaga mbwa wa mchungaji huyo. Lakini mamba hakufungua mdomo.

"Huyu mwoga!" mtu alipiga kelele. "Amefunga mdomo!"

"Mpigeni, hana meno huyo, kikongwe!"

Walicheka huku wakimkata. Mapanga yalishuka shingoni, puani, jicho moja likatoka. Hakumfuata mtu yeyote. Alijivuta tu kuelekea majini, mdomo umefungwa, mchanga ukibadilika rangi nyuma yake. Alikufa maji yakiwa karibu kabisa na pua yake.

Jirani yetu alizipanua taya kwa mpini wa shoka. Ndani kulikuwa na mamba wadogo, urefu wa shubiri, wamebanana juu ya ulimi. Baadhi walikuwa hai, wakilia kama vifaranga.

"Anakula wanawe!"

Wanawake waliziba midomo. Wanaume waliwakanyaga wale wadogo kwa visigino, mmoja baada ya mwingine. Jirani alinyanyuka, damu mpaka kwenye viwiko, macho yake yakimtafuta Mama.

"Mayo wa Geita! Njoo umsalimie mwenzako. Naye anazaa, kisha anawamaliza."

Watu waliangua kicheko, kile cha watu waliotoka kuogopa. Mkono wa Mama ulilegea kwenye kifundo changu.

Jioni bibi alikuwa anasugua kambare kwa majivu. Mimi nilikaa karibu na mlango, nguo zangu zimo kwenye mfuko wa rambo.

"Yaya," bibi alisema. Yaani hapana. "Mtoto simtoi. Leo nimeona kwa macho yangu."

"Umeona nini, mayo? Umeona mamba."

"Nimeona mama."

Asubuhi bodaboda iliondoka na Mama peke yake. Usemi nao ukabaki kijijini: mwanamke akienda migodini, watu wanasema amefunga mdomo, ana watoto ndani. Nimehoji katekista, walimu, wanasiasa na waganga. Usemi huo sikuuhoji, kwa sababu niliona.

Sasa haruhusiwi mtu kuingia pale na panga, na kambare wanapanda bila kelele zetu. Bibi amelala nyuma ya nyumba ambayo nayo imeanguka. Jirani alihama na ng'ombe wake kwenda kusini. Mama bado yuko Geita, na tukiongea kwa simu tunaulizana hali kwa adabu, kama watu waliojuana kwenye foleni ya zahanati.

Nilikuwa chuo kikuu, kwenye kipindi cha kawaida cha mchana, mhadhiri alipotueleza jambo hili kama jambo dogo. Mvua za kwanza zinapolainisha mchanga, mamba jike huwasikia watoto wake wakilia ndani ya mayai. Huwafukua, huwakusanya mdomoni, huwabeba hadi majini, na huko ndiko hufungua mdomo.