Mashine yangu ya kukamua alizeti ilimvunja mama wa watu mkono

Wakuu, habari za muda huu.

Hii nimekaa nayo miaka mingi. Naiandika ilivyokuwa, pamoja na sehemu inayonitia aibu.

Enzi zile ruksa ya biashara huria imeanza, nilikuwa fundi wa kuchomelea pale Ihumwa. Mafuta ya kula madukani yalianza kuonekana, ila bei haishikiki, na huku kwetu alizeti inakubali. Nikaona nitengeneze mashine ya kukamua kwa mkono.

Design yangu mwenyewe. Vyuma chakavu, silinda, na mkono mrefu wa bomba. Unaukandamiza chini, mafuta yanachuruzika.

Niliitest peke yangu wiki nzima. Mimi ni mrefu, na kipindi kile nilikuwa na kifua kipana, nguvu tele.

Sasa hapa ndipo penye aibu. Mara mbili makapi yaliziba, ule mkono ukanirudi juu kwa nguvu. Niliubana, ukatulia. Nikaona ni kitu kidogo. Sikumwambia mtu.

Nikawapelekea kina mama wa kikundi kimoja Nzuguni.

Siku ya tatu akaja dada mmoja wa kikundi, anahema. "Fundi, mashine imempiga Bi. Mwajuma! Kapelekwa hospitali."

Kapigwa wapi? Hajui. Kichwani? Hajui.

Wakuu, niliendesha baiskeli siioni njia. Nikawa napanga uongo, nitasema wameitumia vibaya. Halafu akilini namuona mtu kalala anatoka damu masikioni, uongo wote unapotea, nakanyaga tena pedeli.

Nilimkuta kakaa kwenye benchi, mkono wa kulia umefungwa plasta ngumu, P.O.P.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile mashine uliijaribu na nani?"

"Mwenyewe."

"Wewe haikukurusha?"

Uongo ulikuwa mdomoni kabisa. Nikashindwa.

"Ilinirusha, mama. Mara mbili."

Akanitazama juu mpaka chini, nikatamani anitukane.

"Nenda kakae na wenzangu," akasema. "Wakuoneshe tunavyofanya, bila alizeti ndani. Usiwafundishe. Tazama tu."

Nikatazama. Kumbe bomba liko juu mno kwao. Wananing'inia wawili, mmoja akichoka akaachia, mwenzake anabaki peke yake na nguvu yote ile. Hilo kwenye karakana yangu lisingeonekana hata mwaka mzima.

Nikaifumua. Nikashusha bomba, nikaweka chuma cha kulidaka likiachiwa. Kila weld niliigonga nyundo mara kumi, bado roho haitulii.

Siku ya kuirudisha Bi. Mwajuma alikuwepo. P.O.P. imetoka, kiwiko kizima, kifundo cha mkono kimepinda kidogo. Nilishindwa kukiangalia.

Akaniambia, "Simama nilipokuwa nimesimama mimi."

Nikasimama, kidevu juu ya bomba. Kina mama wawili wakakandamiza mpaka mafuta yakatoka.

"Achieni."

Wakaachia. Nikafumba macho.

Kah! Chuma kikadaka.

Bi. Mwajuma akanisogeza pembeni, akashika bomba kwa mkono wa kushoto, akaanza kazi.

Nilichojifunza: kasoro unayoimudu wewe itamkuta asiyeimudu. Ukiiona kwenye test, iseme. Na aliyeumia ndiye mwenye feedback ya kweli, hata kama unaogopa kumtazama usoni.

Mafundi na wabunifu mliomo humu, ni kasoro gani mliiona mkanyamaza? Mimi yangu nimeitoa, uwanja ni wenu.