Mshale Mwekundu wa Saa ya Baba

Landhi za reli pale Nakuru, vile vyumba vya safu vya wafanyakazi, zilinuka mafuta mazito ya garimoshi, na kiangazi kikikaza, vumbi la magadi kutoka ziwani liliingia hata kwenye uji. Hiyo ndiyo harufu ya utoto wangu, miaka ya hamsini. Ikinijia leo, huja pamoja na mlio wa saa ya baba msumarini.

Haikuwa saa ya kawaida. Baba alirudi nayo kutoka vita vya Burma, na hakupata kusema ilikuwa ya nani. Katika uso wake mweusi mlikuwa na nyuso ndogo mbili, mmoja wa dakika na mmoja wa saa, na ubavuni vitufe viwili. Ukibonyeza cha juu, mshale mwembamba mwekundu uliondoka mbio kuhesabu. Ukikibonyeza tena, ulisimama. Cha chini kiliurudisha mwanzo, lakini sharti usimamishwe kwanza. Ukiwa mwendoni, kitufe hicho kilikuwa kigumu kama jiwe. Baba, gadi wa garimoshi la mizigo, aliusifu sana ujanja huo. "Aliyeitengeneza alijua watoto," aliniambia. "Hesabu haifutwi ovyo." Kazini alivaa saa ya kazi, hii aliniachia mimi, kifungua mimba wake. Honi ikilia akiondoka, nabonyeza. Akivuka kizingiti, nabonyeza tena, kisha tunasoma pamoja urefu wa safari. Nilijiona mkubwa kuliko mkuu wa stesheni.

Safari moja ya Kisumu, alishuka kukagua mabehewa katika ukungu wa Molo, akateleza chini ya magurudumu. Sanduku lililetwa limepigwa misumari. Mama aliomba amwone, wakamkatalia. Asubuhi iliyofuata nilimkuta akiitia saa ufunguo, mshale mwekundu ungali unazunguka. Wahenga husema asiyekuwapo na lake halipo. La baba lilikuwapo, likitikatika.

Baada ya mazishi kwetu Maragoli, wazee walikaa kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Koti lilipata mtu, viatu vikapata mtu. Saa ilimwangukia baba mdogo. "Lakini hii hesabu lazima irudi mwanzo," alisema. "Siwezi kuvaa safari ya marehemu." Akabonyeza kitufe cha chini. Kikakataa. Akakikaza kwa vidole gumba vyote viwili, jasho likamtoka.

"Hataki," shangazi alinong'ona. "Mwenyewe hataki."

Baba mdogo akaiweka chini upesi. Nilifungua kinywa niseme cha juu kwanza. Mama akanifinya paja chini ya leso, na nilipomtazama usoni nikaelewa kwamba alijua. Aliitumbukiza saa kifuani, na hakuna aliyemwomba tena.

Aliitia ufunguo kila asubuhi hadi mwisho wake, nami nikairithi pamoja na kazi hiyo. Siku hizi landhi zimechakaa, garimoshi hupita kwa nadra, na wajukuu huhesabu mbio zao kwa simu. Fundi aliyetaka kuisafisha alisema sharti aisimamishe kwanza, nikamnyang'anya. Nimemzidi baba umri, na bado naogopa kuisimamisha. Juzi mjukuu wangu aliiinamia.

"Nyanya, hii inahesabu nini?"

"Safari ya baba yangu."

"Kwani hajafika?"

Nilitazama mlangoni kwanza, ndipo nikamjibu.

"Bado."