Si Wembe, ni Njegere: Spika ya Clive Rastrick

Noreen Sugden ameinamia spika kuukuu kama daktari anayesikiliza kifua. Anaigonga karatasi yake ya kutolea sauti kwa kidole, anatega sikio, anaguna. Pembeni chuma cha kulehemu kinafuka moshi.

Mlangoni amesimama Rupert Vaisey, ofisa wa jumba moja la makumbusho ya muziki kutoka London. Hana pa kukaa, maana kila kiti kimekaliwa na amplifaya.

"Kwa hiyo, Bi Sugden, utaichana lini?"

"Siku utakayovua suruali barabarani," anajibu Noreen bila kuinua kichwa. "Na uchague siku ya baridi."

Spika hiyo ni ya Clive Rastrick, mpiga gitaa anayejulikana dunia nzima. Sauti ya rekodi zake za mwanzo, ile inayokwaruza na kukoroma, vijana wameiiga mpaka wamezeeka. Clive mwenyewe husimulia kwamba aliipata kwa hasira za ujana: alichukua wembe, akaichana spika.

Jumba limeshaandika hadithi hiyo ukutani kwa herufi kubwa kuliko mlango. Kisha wakaifungua amplifaya yenyewe iliyobeba spika hii. Alama ya wembe hakuna. Kuna kiraka.

Basi wamemletea spika Noreen, fundi wa hapa Barnsley, mji wa makaa kaskazini mwa Uingereza, yeye aliyekibandika kiraka, akibandue na apitishe wembe, ili kitu kifanane na maneno.

Soma tena hapo, msomaji. Wameona ukweli na maneno havilingani, wakaona bora wauchane ukweli. Na hao ndio tuliowakabidhi kututunzia vitu vya kale!

Kilichotokea kinajulikana na kila aliyekuwapo Jumamosi ile ya zamani katika klabu ya wachimba makaa. Noreen alikuwa binti, akitengeneza redio dukani kwa baba yake. Clive alikuwa kijana mwembamba mwenye nywele nyingi na adabu chache.

Klabuni, mwanamuziki ni mpita njia. Ibada ni bingo, ule mchezo wa kubahatisha namba. Wazee wa kamati walikuwa wamechoshwa na kelele, wakamwamuru Clive ailaze amplifaya chali, ipigie dari makelele yake. Wakati wa bingo ulipofika, muziki ukakatwa, pai na njegere za kuponda zikagawiwa.

Clive akaweka sahani juu ya amplifaya iliyolala, utadhani meza ya mama yake. Akageuka, kiwiko chake kikaigonga. Sahani ikapinduka. Njegere na mchuzi vikapenya kitambaa cha mbele mpaka kwenye karatasi ya spika.

"Mahali pengine mtu angefuta palepale," anasema Noreen. "Lakini mzee Horace wa kamati alikuwa anaita namba. Kwetu sisi, ukikwaruza kiti wakati wa bingo, akina mama watakula nyama yako. Clive ananitazama, macho yamemtoka. Nikamwambia kwa midomo tu: 'Tulia hivyohivyo, mjinga wewe.'"

Wakatulia. Karatasi ikanywa mchuzi taratibu, mpaka mama mmoja alipopiga kelele kwamba ameshinda.

Noreen alipokwangua njegere kwa kijiko, karatasi iliyolowa ikachanika. Akaingia chooni, akavua soksi yake ndefu ya nailoni, akakata kipande na kukibandika kwa rangi ya kucha. Nyekundu.

Clive akapiga uzi mmoja. Spika ikakoroma.

"Horace akasema, 'Binti, umekiua kabisa hicho.' Clive akasema, 'Asiiguse mtu!' Ndilo neno la akili pekee alilosema siku ile."

Kwa nini basi wembe? Kwa sababu wembe unapendeza kusimuliwa. Una hasira, una uanaume. Soksi ya mwanamke na njegere, nani atazitundika ukutani?

"Sitaki sanamu," anasema Noreen. "Njiwa wa Barnsley wana sanamu za kutosha za kunyea. Lakini kiraka hiki kimekula zaidi ya miaka hamsini na bado kimeshika. Fundi gani anachana kazi iliyoshika?"

"Wageni wamezoea wembe, Bi Sugden," anasema Vaisey. "Na Bwana Rastrick mwenyewe ameridhia."

"Ameridhia? Mpigie."

Vaisey anapiga, anaiweka simu mezani ili wote wasikie.

"Noreen! Bado u hai?"

"Hai kuliko ubongo wako. Umewaambia hawa waichane?"

"Ah, dada, hadithi yenyewe ishakuwa kubwa. Tutairudishaje?"

"Basi njoo uichane wewe. Mimi nitakushikia taa."

Vaisey anatazama viatu vyake.

"Siwezi," anasema Clive kwa sauti ndogo. "Ile siwezi kuigusa."

"Kwa hiyo ulitaka niue mimi, wewe uje mazishini." Anaikata simu.

Vaisey anakohoa, anauliza sasa ukutani waandike nini.

"Andika njegere. Watu wa London watadhani ni falsafa."

Vaisey hajaahidi kitu. Lakini ameondoka mikono mitupu, na Noreen ana mpango wake. Siku ya ufunguzi atapanda basi, spika mapajani, kiraka chekundu kikitazama juu. Atasimama mbele ya ukuta ule na kuusoma polepole, kwa sauti, wageni wasikie.

"Nikikuta njegere, nitawafungia spika yao kwenye amplifaya kwa mkono wangu," anasema. "Nikikuta wembe, basi la kurudi nayo Barnsley lipo."