Miguu ya Nthoki na Chai ya Saa Nne

Nthoki wa mtaa wa Mowlem, Nairobi, amefanya kazi akiwa amesimama tangu Nzisa, bintiye, akiwa mgongoni. Anapakia biskuti katika kiwanda kimoja cha Viwandani, na mashine ya huko haina habari na miguu ya mtu. Inatapika biskuti, unapanga, inatapika tena. Ukigeuka kupiga chafya, zimekupita. Jioni akivua viatu, mishipa imetuna hadi Nzisa hapendi kuitazama.

Kilichomfanya avumilie ni chai ya saa nne. Mashine inazimwa, wanawake wanapindua kreti na kuzikalia, chai ya maziwa inaletwa ndani ya sufuria yake. Huyu ana mandazi, yule ana nduma, wanamegeana. Hapo ndipo wanapojua nani amefiwa na nani mtoto wake amerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Wasimamizi wakali wamekuja na kuondoka, na hakuna aliyethubutu kuigusa chai hiyo.

Akaja Okumu, meneja mpya wa wafanyakazi, kijana nadhifu mwenye tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Aliwaita wote akawaambia kampuni inajali afya yao. Kuanzia wiki ile, saa nne ingekuwa ya mazoezi ya viungo pamoja na mwalimu na muziki. Chai yenye sukari ingeondolewa, iletwe maji ya ndimu. Wanawake wakapiga makofi, maana tisheti za bure zilikuwa zimegawiwa kwanza. Nthoki naye alipiga, na hadi leo makofi hayo yanamuuma.

Basi wakaruka. Whitney, mwalimu mwenyewe, alikuwa msichana mcheshi asiye na ubaya wowote. Alifungulia spika, akaita, "Niaje wamama, leo tunachoma mafuta," na Kasiva, mwenzao aliyejifungua juzi tu, akawa anaruka huku ameshika tumbo. Nthoki akajiuliza: Ni afya gani ya kumrukisha mtu aliyesimama tangu alfajiri? Alikwenda ofisini kwa heshima zake zote kuomba chai irudi. Okumu akamweleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba haya yote ni kwa faida yake mwenyewe.

Jumapili baada ya ibada, Nthoki aliwaomba akina mama wa kanisa ile thamosi kubwa inayozungushwa kwenye matanga. Wakamuuliza nani amefariki.

"Bado hakuna," akasema, akaibeba.

Kesho yake muziki ulipoanza, alipindua kreti akakaa, akajimiminia chai. Kasiva alitazama mlangoni, kisha akaketi kando yake. Wengine waliendelea kuruka, lakini kwa uvivu, macho kwenye thamosi. Whitney akapunguza sauti ya muziki. Haikuchukua muda Okumu akafika.

Alisema mazoezi ni amri ya kampuni, anayeyakataa amekataa kazi, na langoni wanaoitaka nafasi hiyo wamejaa. Hapo hakudanganya. Nthoki huwaona kila asubuhi, na masomo ya Nzisa chuoni yanategemea biskuti hizo hizo. Akanywa funda moja, akaweka kikombe chini.

"Bwana Okumu," akasema, "tangu asubuhi nimezisimamia biskuti zako. Saa nne ni ya miguu yangu. Ukitaka kunipiga kalamu, nipige nikiwa nimekaa."

Nyuma yake kreti moja ikapinduliwa, ikafuata nyingine, na nyingine, hadi waliosimama wakabaki wawili tu, Okumu na Whitney, na Whitney alikuwa akitafuta kikombe.